Kamera Mbili na Matimba ya Mwakitolyo

Safari hii imenigharimu shilingi laki mbili na elfu kumi na nne, bila kuhesabu kamera yenyewe wala usingizi. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata laki mbili na kumi na moja, nikafurahi, kisha nikakumbuka betri nne nilizouziwa Kahama zikiwa zimeshakufa, furaha ikaisha.

Sababu za kuondoka zilikuwa mbili, na zote zilinijia Jumapili moja. Asubuhi, katikati ya kipaimara, kamera yangu ya zamani iligoma. Ilikuwa imekula vumbi la Shinyanga kwa miaka saba, imeshiba. Saa nane mchana dada yangu, Mama Kulwa, akanipigia kutoka Mwakitolyo. Yeye ndiye anayeshika daftari la kikundi cha watu kumi na wanne wanaofukua duara la zamani, yaani shimo la dhahabu lililoachwa. Mume wake, Baba Kulwa, ni mmoja wa wachimbaji.

"Matimba yamepasuka," aliniambia. Matimba ni yale magogo yanayoshikilia kuta za shimo zisimeze watu. "Baba Kulwa ananificha, lakini nikimuuliza anaanza kukohoa."

"Mwenye duara anasemaje?"

"Shija? Ana karatasi inasema magogo yote yamebadilishwa. Nimempigia afisa wa madini, yuko mbali kikazi. Kasema nimtumie picha, atasimamisha kazi hata kwa simu. Bila picha ni neno langu na karatasi ya Shija. Na Jumatatu ijayo wanashuka wote kufungua mwamba wa dhahabu."

"Basi piga na simu umtumie."

"Simu zinaachwa juu, zote. Ila Shija anataka picha yake mwenyewe chini kule, kasimama na mwamba, ampelekee mfadhili wake. Nimemwambia nina mdogo wangu fundi."

"Dada, si rahisi zaidi shemeji asishuke tu?"

"Umekaa mjini mpaka umesahau. Asiyeshuka siku ya kufungua hana mgao wa mawe. Miezi mitano kachimba bila kulipwa, anasubiri hiyo mifuko. Unataka nimwambie nini?"

Nilikuwa na kamera mbovu na siku saba.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka Shinyanga na basi la Kahama. Pesa niliigawa sehemu tatu: soksi, kofia, na sehemu ya tatu siitaji kwa sababu bado naitumia. Kwenda ukanda wa dhahabu ukiwa na pesa taslimu ni jambo la kutisha, kwa kuwa kule kila mtu anajua kusoma mwendo wa mwenye pesa. Nilijitahidi kutembea kama mtu anayedaiwa. Kwa kweli haikuhitaji juhudi.

Kahama tulifika saa tatu na nusu, nikabadilisha gari. Toka pale hadi Geita malori ya mchanga na mafuta yanapishana, na kila linalopita linakuachia wingu lake. Dirisha langu halikufungika. Kila gari liliposimama niligusa soksi. Mama mmoja kiti cha pembeni akaniuliza kama nina fangasi, akanitajia dawa.

Geita, mtaa mmoja wa Kalangalala, saa tisa alasiri. Nilikuwa nimeelekezwa kwa Mama Rekha, mjane wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Marehemu mume wake alikuwa na studio ya picha nyuma ya duka hilo. Mama Rekha amezaliwa Geita, na Kisukuma chake kinanishinda mimi niliyenyonya nacho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kununua au kushangaa?"

"Kuangalia kwanza."

"Kushangaa basi. Karibu."

Akaweka kamera mbili juu ya kioo cha kaunta. Ya kwanza ilikuwa ya filamu pana, sanduku zito lenye macho mawili mbele, ile unayoinamia na kuitazamia kwa juu kama mtu anayechungulia kisima. Filamu yake ni picha kumi na mbili tu, ila kila moja ukiikuza inajaa ukuta na huoni chembe. Ya pili ilikuwa ya dijitali, kubwa, ya lenzi za kubadilisha, mali ya mwanawe aliyehamia kazi nyingine.

"Hii ya filamu sita. Hii ya dijitali tisa."

"Elfu?"

"Laki, kijana. Za elfu kanunue karanga."

Nina miaka arobaini na tatu. Sijaitwa kijana tangu nianze kupunguziwa nauli ya huruma. Nilijua hapo ndipo bei inapoanzia kupanda.

Niwaambie wazi wenzangu hesabu niliyokuwa nayo kichwani. Dijitali ni kazi ya kila siku: pasipoti, harusi, mteja anaona papo hapo, asipopenda unarudia. Lakini kila mwenye simu siku hizi ni mpiga picha, na mbaya zaidi, watu hawaamini tena picha. Ukimwonyesha mtu ng'ombe wake anauliza umempika kwa kompyuta gani. Filamu ina negativi. Unaishika mkononi, unaiinua kwenye jua, hakuna wa kukubishia. Ubaya wake ni kwamba haikuambii kitu mpaka isafishwe, na wa kuisafisha wamebaki wa kuhesabika.

"Mume wangu alikuwa akisema hii ya filamu inafundisha subira," alisema Mama Rekha. "Mimi imenifundisha kula chakula cha baridi."

Nikamwomba nichukue zote mbili nikazijaribu, nimrudishie moja Jumatatu na kulipia nyingine. Alicheka mpaka akakaa. Tukavutana nusu saa. Mwisho tukakubaliana niache kadi ya pikipiki yangu na laki tatu, naye ananipa filamu moja na flashi ya zamani ya kuchomeka kwa waya.

"Unakwenda kuzijaribia wapi?"

"Mwakitolyo. Ndani ya duara."

Mkono wake ulisimama juu ya risiti. "Na ukifa?"

"Mama!"

"Nauliza biashara. Andika hapa jina la ndugu wa kumdai."

Nikaandika jina la dada yangu. Nilipomaliza nikaona nimeandika vibaya, herufi zimelala, kama mtu aliyeandika garini.

Jumatano, nikirudi Shinyanga, nililala njiani kwa maana ya kulala kweli, kichwa juu ya begi la kamera na mkanda nimeuzungushia mkononi mara mbili. Karibu na Kakola abiria mmoja aliiona ile ya filamu ikichomoza. "Hiyo ndiyo mashine ya kupimia dhahabu?" akauliza, kwa sauti ya kusikika na gari zima. Shingo zikageuka. Nikamwambia ni ya picha. Akaniangalia, akaiangalia, akasema, "Sawa, boss," kwa namna ya mtu asiyesadiki. Kutoka hapo hadi Kahama sikupepesa jicho. Kahama nikanunua zile betri, mnazijua habari zake.

Nyumbani jioni nikapiga picha mbili za majaribio kwa filamu, ukuta na mke wangu, nikaacha kumi. Nikanunua betri nyingine, nzima.

Alhamisi, saa moja asubuhi, nilitoka kwa pikipiki isiyo na kadi, nikiogopa trafiki kwanza na shimo baadaye. Hofu nazo hupangana foleni. Nikapita Solwa, nikaingia barabara ya vumbi, na saa nne kasoro nikaanza kuyasikia makarasha, zile mashine za kusaga mawe, kabla sijaona kitu. Mwakitolyo unaisikia kifuani. Maturubai ya buluu na meusi, akina mama wamekaa wanagonga mawe kwa nyundo, harufu ya dizeli na ya chapati pamoja.

Dada yangu alikuwa ananingoja na daftari lake kwapani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Hofu."

Hakucheka. Akanishika mkono kama tulivyokuwa wadogo akanipeleka hadi penye duara.

Shija, mwenye duara, ni mtu wa miaka thelathini hivi, shati jeupe kabisa mahali ambapo hata mbuzi si weupe. Alinipokea vizuri. Alitaka picha ya kifahari, yeye na mwamba, kofia ngumu kichwani. Baba Kulwa alikuwepo pia, mrefu, mkimya, wa miaka hamsini. "Karibu shemeji," akasema, akanifunga kamba kiunoni yeye mwenyewe, kisha akakagua fundo. Kisha akalikagua tena. Nikampenda zaidi ya siku zote.

Shimo lina kina cha mita arobaini. Watu wanne juu wanazungusha gogo lenye kamba, wewe unashuka ukikanyaga vipande vya miti vilivyopigiliwa ukutani. Dijitali niliivaa mgongoni, ya filamu shingoni. Mwanga wa juu ulipungua ukawa sahani, ukawa kikombe, ukawa kifuniko cha soda. Mimi huhesabu nikiogopa. Nilihesabu fremu za matimba nikishuka: thelathini na moja. Toka ya ishirini na mbili kwenda chini, magogo yalikuwa na nyufa unazoweza kuingiza kidole. Sikuingiza.

Chini, Shija alisimama na mwamba wake. Nikampiga picha sita kwa dijitali, akaziona kwenye kioo, akachagua anazopenda, akasema fundi anajua kazi. Kisha akatangulia kupanda, kwa kuwa kamba ni moja. Nikabaki chini na Baba Kulwa na tochi yake.

"Shemeji," nikamwambia kwa sauti ya chini, "haya magogo."

"Nayajua."

"Na Jumatatu?"

"Kuyajua ni kitu kimoja. Nikisema mimi, wataambiana mke wangu ndiye kanituma. Wenzangu wanaona kwa tochi, kipande kipande, kila mtu na wasiwasi wake. Wangeyaona yote pamoja, kwenye picha kubwa, mezani, tungekataa wote kumi na wanne. Na mgao hauwezi kunyimwa watu wote." Akainua tochi. "Piga. Upesi."

Nikapanda hatua chache hadi kwenye kijukwaa cha mbao, nikapiga kwa dijitali, moja, mbili, mpaka nane. Nikaona kwenye kioo: nyufa zote, wazi kama mistari ya kiganja. Nikachukua ya filamu. Ndani ya kisima chake sikuona kitu isipokuwa giza, nikakadiria umbali kwa mkono. Flashi ikawaka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne nilielekeza kwenye gogo kubwa la pembeni, lile linalobeba mengine, na hapo hapo kitu kikalia *kwaa* juu ya vichwa vyetu, udongo ukatiririka kwenye kofia yangu kama mtu anayemwaga mchele. Nilibonyeza. Sijui kama flashi iliwaka. Nilikuwa nimefumba macho.

"Panda," alisema Baba Kulwa.

Nilipanda. Nilihesabu tena fremu, thelathini na moja, na ninakiri kwamba hesabu hiyo niliifanya kwa sauti kama rozari.

Sasa nielezee desturi moja, kwani ndiyo iliyoamua mambo. Anayetoka duarani hukung'utwa. Unavua buti unazipindua, unakunjua pindo za suruali, unafungua mdomo unamulikwa. Jiwe la duara haliendi na mtu kabla ya mgao, na desturi hii haijali cheo. Shija mwenyewe alikuwa amekung'utwa mbele yangu. Mimi nilikung'utwa nikatokea safi, na nikaanza kukusanya mabegi yangu.

"Na hiyo mashine," alisema Shija.

"Mashine ina picha tu, boss."

"Zimetoka wapi?"

"Chini."

"Basi kung'uta."

Watu wakacheka, lakini wakasogea. Yeye akachukua dijitali, akabonyeza, akajiona, akatabasamu. Akabonyeza tena. Uso wake ulipofika kwenye picha ya gogo la kwanza ulibadilika taratibu, kama chai inapoingia maziwa.

"Nani amekutuma kupiga miti?"

Dada yangu alikuwa hatua kumi nyuma, daftari amelikumbatia. Sikumwangalia. Nikasema nilikuwa najaribu mwanga.

Akabonyeza hadi mwisho. "Mara nane?"

"Ndiyo maana kazi yangu ni nzuri. Lakini kama hazikupendezi, nazifuta sasa hivi, unaona."

"Zilizofutwa hurudi. Nina duka la simu mimi, unanifundisha?" Akanyoosha kiganja. "Kadi ibaki hapa. Ni mali ya duara, kama jiwe."

Nikaitoa kadi nikampa. Hapo nilikuwa mtu anayejua bei ya kila kitu, na bei ya kubishana ilikuwa imeandikwa kwenye mikono ya wale wanne wa kamba. Kadi ikaingia mfuko wa shati jeupe.

"Na hii ya shingoni?"

"Itazame mwenyewe."

Akaiinamia. Akaizungusha. Akatafuta kioo nyuma, hakuna. Akatafuta kitufe cha kuonyesha, hakuna. Akachungulia tena juu.

"Naona viatu vyangu tu."

"Ndivyo ilivyo."

"Haina picha humu?"

"Unaiona picha yoyote?"

Akainua kichwa akawageukia watu. "Jamani, mdogo wake Mama Kulwa kanunua mashine ya kutazamia viatu!" Wakaangua kicheko, mmoja akataka kutazama vyake. Nilicheka nao, jasho likinitoka hadi kwenye ile soksi. Nikatupa jicho kwa Baba Kulwa. Yeye amekulia zama za studio. Picha yake ya harusi iko ukutani kwa dada, na ilipigwa kwa kamera ya aina hiyo hiyo. Alijua vizuri kilichomo. Alinitazama, akaitazama kamera mikononi mwa Shija, kisha akamuuliza jirani yake kama yule mbuzi wake aliyepotea amepatikana.

Ikarudishwa shingoni kwangu. Sikumbuki kuaga. Kwa dada nilikula ugali na dagaa bila kuuonja. Alininong'oneza, "Umepata?" Nikamwambia, "Zipo nne, dada. Au tatu. Au hakuna." Akasema wabeja, asante ya kwetu Wasukuma, akaingia ndani kwa muda, na aliporudi macho yalikuwa yameoshwa.

Ijumaa, Shinyanga. Nimerudi salama, na hapa ndipo msomaji hupewa mafunzo, basi chukua haya kwa bei niliyonunulia. Kamera ya dijitali inasema ukweli kwa yeyote anayeishika, hata asiyestahili. Ya filamu haisemi kwa mtu yeyote, hata mimi niliyeilipia. Nimemtumia Mama Rekha ujumbe kwamba nabaki na ya filamu. Amejibu, "Na kadi ya kumbukumbu ya ile nyingine iko wapi?" Nimesoma mara mbili, sijajibu.

Lakini kuchagua kumenipa hofu mpya. Filamu iko mezani hapa, imefungwa kwenye karatasi nyeusi. Mzee anayesafisha filamu Mwanza nimempigia: yuko msibani visiwani, atafungua Jumanne. Baba Kulwa na wenzake wanashuka Jumatatu saa moja asubuhi. Nimezunguka mji mzima. Nilichopata ni chupa mbili za dawa kwenye ghala la studio iliyofungwa karibu na soko, hazijawahi kufunguliwa, muda wake wa matumizi umepita miaka tisa. Dawa yenyewe inatosha filamu moja, mara moja. Hakuna ya kujaribia. Na mimi mara ya mwisho kusafisha filamu nilikuwa mwanafunzi wa studio, na mwalimu wangu alikuwa akinisimamia na rula.

Nikingoja Jumanne, picha zitatoka safi, na huenda hazitakuwa na wa kumwokoa. Nikisafisha mwenyewe nikakosea, nitakuwa nimeufuta kwa mkono wangu ushahidi ambao Shija alishindwa kuuona, na Baba Kulwa atavaa kofia yake aingie foleni.

Kwa hiyo naomba, wenzangu mliowahi kushika filamu, Shinyanga, Kahama, Mwanza, popote. Dawa iliyolala miaka tisa huongezewa dakika au huongezewa joto? Na kwa kiasi gani? Msinijibu kwa heshima, nijibuni kwa namba. Kesho Jumamosi saa nane mchana nafunga mlango na kuzima taa, na nitafanya kwa kufuata jibu la kwanza litakaloletwa na mtu aliyewahi kufanya kwa mikono yake.